Mafundo ya Spana

Bariadi nzima ilijua kwamba Kasmiri Ndaki ndiye fundi wa Landrova. Isichokijua ni kwamba Kasmiri haoni. Macho yake yalikuwa palepale, makubwa na safi, na ukimsalimia aligeuka akakutazama usoni vizuri tu. Kumbe anachokitazama ni sauti yako. Daktari alikwisha kumwambia kwamba presha ya macho imeua mishipa, na kilichokufa hakirudi. Kilichombakia ni mwanga kidogo wa mbali, wa mtu anayechungulia ndani ya bomba la moshi. Siri hiyo waliijua watu wawili, yeye na mkewe Felisita, nao waliitunza kwa uzi.

Uzi wenyewe ni ule mnene wa kushonea magunia ya pamba. Felisita aliufunga shingoni mwa kila spana. Nusu inchi ilikuwa na fundo moja. Tisa ya kumi na sita mafundo mawili, tano ya nane matatu, robo tatu manne. Vidole vya Kasmiri vilikwisha kufa ganzi kwa miaka thelathini ya tindikali ya betri na mabomba ya moto, havikuweza tena kupima mdomo wa spana. Lakini fundo la uzi wa gunia, ukilihesabu kwa kidole gumba, halina ubishi. Mke alifunga, mume alihesabu, na jamii ikaendelea kumwita Kasmiri fundi. Akitembea alimshika Felisita bega na kusema ni goti, na watu wakampa pole ya goti.

Kazi zilikuwa zimepungua hata hivyo. Landrova za zamani ni gari za inchi, na gari za inchi zinakufa moja moja kama wazee waliozinunua. Vijana wa gereji wana spana za milimita na mashine ya kusoma magonjwa ya gari. Injini isiyo na waya wa kuchomeka mashine hiyo wanaiona ni chuma chakavu. Ndiyo maana siku Bwana Limbu alipofika kwa Kasmiri, mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi akaviingiza kwenye matope ya ua ule, Felisita alijua kwamba Mungu ama amewakumbuka ama anataka kuwachezea.

Limbu alikuwa na kambi ya wageni upande wa Lamadi. Wageni wake, alieleza, wamechoka na magari mapya. Wanataka kuingia porini kwa gari la babu zao. Amepata Landrova moja ya mwaka sitini na saba kwenye ghala la pamba huko Kasoli, kuku wanatagia ndani. Anataka ifufuliwe, na ikishafufuka ipandishwe juu, ifungwe springi ngumu na matairi ya meno, iweze kupita mbuga wakati wa masika, pale panapowashinda wenzake wote. Akiipenda, zinakuja nyingine tatu, na fundi atakayeziweza ataandikiwa barua ya kazi yenye muhuri, mshahara wa mwezi na bima ya matibabu. Kasmiri alilisikia neno bima, akageuza uso upande alipokuwa mkewe.

"Italetwa lini?" akauliza.

Ililetwa kesho yake, imebebwa kwenye trekta.

Miezi mitatu ua wa Kasmiri ulizungushiwa mabati, na aliyepita barabarani alisikia nyundo na kuona cheche. Akichungulia kwenye tundu la bati aliona ovaroli la bluu la Kasmiri na kinyago cha kuchomelea. Hakuona kwamba ndani ya ovaroli kulikuwa na Felisita. Kasmiri mwenyewe alikaa kwenye tairi, akielekeza kwa mdomo, na haki ya Mungu alielekeza vizuri. Alilijua gari lile kuliko anavyojua sala zake. Injini waliifungua pamoja. Kabureta aliisafisha yeye kwa kupapasa, na mke hakuingiza mkono. Lakini chesisi iliyoliwa na kutu aliikata Felisita, akaipachika vipande vipya. Felisita alichukua pao za springi kutoka kwenye lori la Isuzu lililopinduka, akaziongeza, akachomelea vishikio vipya vya kuinua bodi inchi nne. Felisita alipandisha bomba la kuvutia hewa hadi juu ya paa, ili gari likizama mtoni liendelee kupumua. Alipomaliza kila mchomeleo, Kasmiri alipitisha kiganja juu yake polepole, akitafuta shimo au uvimbe.

"Huu ni wangu," alisema siku moja, kwenye kishikio cha nyuma kushoto. "Huu hata mimi wa zamani nisingeupata." Felisita akauweka moyoni, maana mumewe hakuwa mtu wa kusifia.

*

Gari lilijaribiwa Dutwa, Alhamisi, baada ya mvua ya siku mbili. Ile mbuga nyeusi ya pale kila mtu anaijua: ukiikanyaga inabaki na kiatu. Watu walikuwa wamekusanyika kutoka sokoni, wengine juu ya baiskeli zao, maana hakuna anayekosa kuona gari la tajiri likizama. Limbu alikuja na pikapu yake mpya na fundi wake, kijana mmoja aitwaye Josia, ambaye alikuwa na cheti cha chuo na hakupenda kabisa kuitwa kuangalia kazi ya mzee wa mabati. Aliyeendesha Landrova alikuwa dereva wa Limbu, Paschal.

Pikapu mpya ilitangulia. Haikufika hata katikati. Ikazungusha magurudumu, ikarusha tope, ikalala kwa tumbo. Kisha Paschal akaitia Landrova gia ya chini na kuingia nayo taratibu. Ilinguruma bila haraka, ikashuka kwenye korongo, maji yakapanda hadi kwenye taa, ikatoka upande wa pili inachuruzika tope, ikageuka, ikarudi, ikafungwa kamba na kuivuta pikapu. Watu walipiga mbinja. Mzee mmoja alisema chuma cha Mwingereza hakizeeki. Felisita alisimama nyuma ya mumewe na kikapu chenye chupa ya uji mikononi, na machozi yalimtoka, akasingizia moshi.

Limbu alichuchumaa akachungulia chini. Akagonga kishikio cha nyuma kushoto kwa funguo zake.

"Mchomeleo huu ni wa nani? Kiwandani hawafanyi hivi."

"Wa mkono huu," alisema Kasmiri, akainua mkono.

Hapo hapakuwa na ubaya. Walikuwa wamekubaliana hivyo tangu mwanzo. Tajiri haajiri kipofu, na fundi mwanamke hajaonekana bado katika wilaya ile. Uongo ulikuwa wa wote wawili, na Felisita aliubeba nusu yake bila kulalamika. Lakini Josia, ambaye macho yake yalikuwa yanafanya kazi kupita kiasi, alikuwa anaitazama mikono ya Felisita kwenye mpini wa kikapu. Ilikuwa na madoa meusi ya cheche hadi viwikoni.

"Na huyu mama," akasema, "mbona ana mikono ya kuchomelea?"

Kasmiri alicheka. Angeweza kusema ni mafuta ya kukaangia, yakaisha. Lakini watu walikuwa wengi, sifa zilikuwa zimempanda kichwani, na mtu aliyekaa mwaka mzima na nusu akishikwa mkono kupelekwa chooni huwa na deni na yule anayemshika, analotamani kulilipa kwa dharau.

"Huyu?" alisema. "Huyu ananiletea uji tu. Mkimtuma spana anawaletea koleo. Juzi nimemwambia nishikie tochi, akaielekeza kwenye macho yangu. Wanawake na chuma wapi na wapi, jamani. Cheche hizo ni za jikoni, tena hata ugali wenyewe unaungua."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akashika baiskeli asianguke. Limbu naye akacheka, kwa adabu, akamwambia basi Mama Uji, nipe na mimi kikombe, nionje uji unaofufua magari. Felisita akammiminia. Limbu akanywa funda moja, akarudisha kikombe, akamwambia Kasmiri kwamba Jumatatu wabia wake wanafika kutoka Arusha. Afike kwenye gereji yake pale Bariadi, afungue mbele yao propela ya mbele, ule mhimili unaozungusha magurudumu, na kuifunga tena, waone jinsi gari la zamani linavyohudumiwa porini bila umeme wala mashine. Baada ya hapo watampa barua.

*

Jioni ile Felisita alisubiri hadi mumewe alipokula. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyapima.

"Baba Elina, kusema umechomelea wewe, sawa. Koleo lilitoka wapi?"

Kasmiri alipapasa maji ya kunawa. "Ulitaka niseme nini? Kwamba nalelewa na mke?"

"Ungesema ni mafuta ya moto."

"Yameshapita. Watu walicheka, wakasahau mikono yako. Nimekuficha." Akanawa, akakung'uta vidole. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo, kwamba Jumatatu asikae karibu naye. Josia ni mtu wa kuchunguza. Akae kule kwa wapishi, maana Limbu anachinja mbuzi. Propela ni nati nne tu, zote za tisa ya kumi na sita. Ana nyuzi zake, anatosha.

"Na ukikwama?"

"Nikikwama nitaita uji, uje. Lakini sitakwama."

Neno lile la kutosha ndilo lililomkaa Felisita kooni. Alikuwa tayari kuwa koleo, alikuwa tayari kuwa tochi ya machoni. Lakini kwamba mtu amevaa macho yako miezi kumi na minane, na siku ya kwenda kwenye sherehe anakwambia anatosha, hilo lilikataa kushuka. Aliosha vyombo. Alimwekea maji ya kuoga, akamshika mkono hadi kwenye maji, akarudi, akakaa kwenye kigoda bila kufanya kitu.

Kanisani Jumapili alikuta habari imemtangulia. Paschal hakuwa na breki mdomoni. Wilhelmina, jirani yake na mwenzake katika jumuiya, ambaye watoto wake wawili walizaliwa mikononi mwa Felisita, alimlaki kwenye mlango wa kanisa.

"Mwangaluka, Mama Uji."

Wanawake waliokuwa karibu wakaziba midomo kwa khanga. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo baya lenyewe. Jina likikupata kwa mzaha hulivui hata kwa ugomvi. Felisita aliitikia salamu. Wakati wa komunyo alibaki kwenye benchi. Hakuwa na dhambi bado, ila alihisi inakuja, na hakutaka kumdanganya padri.

Adhuhuri Kasmiri alilala. Sanduku la spana lilikuwa chini ya mwarobaini, limepakwa mafuta tayari kwa kesho. Felisita alikaa nalo, mchana kweupe, kuku wakimzunguka miguuni. Akatoa spana tatu, akakata nyuzi zake kwa wembe, akafunga upya. Tano ya nane akaipa mafundo mawili. Robo tatu akaipa matatu. Tisa ya kumi na sita, iliyokuwa ndiyo peke yake inayohitajika duniani kesho yake, akaipa manne. Alifunga vizuri, kwa subira, kama alivyofunga siku zote.

Usimwite mwovu haraka. Aliyoyataka Felisita yalikuwa madogo, na alijiambia ni madogo: kwamba spana itateleza mara moja au mbili, Kasmiri atageuza kichwa, na mbele ya Limbu na Josia na watu wa Arusha atamwita kwa jina lake. Felisita, njoo. Basi. Naye angekwenda, angempa ile inayotakiwa, na barua ingeandikwa vilevile. Hakutaka zaidi ya hilo, na alilitaka kwa nguvu zake zote.

*

Gereji ya Limbu ilikuwa na sakafu ya saruji, na Landrova ilisimama katikati yake, imeoshwa, rangi ya kijani kibichi, matairi yake yamefika kiunoni mwa watu. Wabia walikuwa wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, na mabegi yao yalikuwa tayari ndani ya gari, kwa sababu wakishaona wangeelekea nalo moja kwa moja kambini. Kwenye boneti kulikuwa na bahasha ya kaki. Kasmiri alifika na goti lake, mkono begani kwa mkewe, sanduku limeletwa na Paschal kwa pikapu ya Limbu. Alipogusa bampa aliliachia bega lile bila kusema neno. Felisita akaenda kwa wapishi.

Kasmiri aliingia chini ya gari kwa mgongo, na chini ya gari hakuwa kipofu. Chini ya gari kila fundi ni wa kupapasa. Alianza kueleza kwa sauti nzuri, propela hii kazi yake nini, kwa nini nati hizi zikilegea gari linatetemeka. Wabia wakapiga picha miguu yake. Mkono wake ukaingia kwenye sanduku, gumba likahesabu mafundo mawili, spana ikapanda juu.

Felisita aliisikia kutoka kwenye masufuria. Spana kubwa ikiteleza kwenye nati ndogo ina sauti yake, na baada ya sauti hiyo nati hailingani tena; kona zake zinakuwa zimeliwa. Ikateleza mara ya pili. Kasmiri akaacha kueleza. Akahesabu tena, mawili, sawasawa. Akajaribu ya fundo moja, haikuingia. Akajaribu ya matatu, ikazunguka bure. Ile ya manne hakuigusa, kwa nini aiguse, robo tatu kwenye propela ni ya nini.

Josia alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama," Kasmiri akaita kutoka chini, "lete uji."

Felisita akaja na kikombe, akachuchumaa. Uso wa mumewe ulikuwa karibu na wake, umejaa kutu na jasho, na macho yale mazuri yakimtazama sikio. Alinong'ona kwa Kisukuma, haraka, kwamba nyuzi zimeharibika, ni ipi, amguse mkono kwa ile yenyewe.

Aliisubiri sauti ile siku nne. Ilikuwa inabembeleza, ilikuwa na hofu, ilikuwa vile alivyotaka iwe. Lakini alikuwa ameita uji. Hata pale, gari likimlalia kifuani na riziki yao ikiteleza kwenye nati, hakuthubutu kuita mtu, aliita kikombe. Kitu kikajifunga ndani ya Felisita. Akaweka kikombe sakafuni, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wapishi.

"Mimi spana sizijui, Baba Elina. Mimi naleta uji tu."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha Dutwa, na kwa muda wa kumeza mate kilikuwa kitamu kuliko asali. Akageuka kuondoka.

"Felisita," Kasmiri akaita. Hakunong'ona. "Felisita, njoo."

Jina lake lilisikika gereji nzima, vilevile kama alivyoliota. Alikuwa amepiga hatua tatu. Aligeuka, kweli aligeuka arudi, lakini Josia alikuwa amekwisha kuchuchumaa pale alipokuwa yeye.

"Mzee, mama wa uji wa nini tena? Mimi fundi mwenzako nipo. Spana zako hizi hapa." Akazipanga zote kwenye kitambaa, mbele ya Kasmiri aliyekuwa amejisogeza nusu nje. "Nipe tisa ya kumi na sita."

Kasmiri akanyoosha mkono. Kabla haujafika, Josia akakivuta kitambaa kidogo, pembeni, bila sauti. Mkono ukapapasa saruji. Akakivuta tena upande mwingine. Mkono ukafuata sauti ya chuma, ukakosa. Wabia waliacha kupiga picha. Sasa kila mtu alikuwa ameelewa na hakuna aliyesema, na Josia, aliyedharauliwa miezi mitatu kwa ajili ya mzee wa mabati, hakutaka kuacha pale.

"Mzee Kasmiri, vidole vingapi hivi?"

Hakuwa ameinua kidole chochote. Mikono yake ilikuwa mifukoni.

"Vitatu," alisema Kasmiri.

Mpishi mmoja alicheka, akajizuia. Wengine walitazama chini. Limbu hakupiga kelele. Watu wa fedha zao hawapigi kelele. Alichukua bahasha juu ya boneti, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa suruali. Mmoja wa wale wanawake wa Arusha alifungua mlango wa nyuma akatoa begi lake, na wenzake wakamfuata.

"Nilitaka kupandisha watu kwenye gari lililofungwa na mtu asiyeona," Limbu alisema. "Josia, kata. Springi, vishikio, kila alichochomelea. Sitaki kibaki hata kimoja."

Ndipo Felisita alipopata miguu. Alisogea hadi mbele ya Limbu, akakunja mikono ya gauni, akaonyesha madoa ya cheche hadi viwikoni.

"Mzee, usikate. Kazi ile ni yangu. Yeye alielekeza, mimi nilichomelea, na mimi naona. Lilipita Dutwa, uliliona. Nipe spana yoyote, nikufungulie hiyo propela sasa hivi."

Limbu alimtazama, na labda kwa nukta moja alitaka kuamini. Lakini Josia alikuwa karibu.

"Mama, si umetuambia mwenyewe sasa hivi? Spana huzijui. Tumesikia wote."

"Tumesikia," wakaitikia wawili watatu.

"Mke na mume mmekuja kunichezea," Limbu alisema, akiwa amekwisha kugeuka kuwafuata wageni wake. "Nendeni nyumbani."

Walikuwa bado wanakusanya sanduku grenda ilipoanza. Felisita alisimama akasikiliza, hakuweza kuondoka. Vishikio vingine vilikatika upesi. Kishikio cha nyuma kushoto kilimaliza visahani viwili vya grenda, na Josia akaita cha tatu, akilalamika kwamba huyu mtu alichomelea nini hiki, hakikatiki. Kisha kikakatika, kikaanguka kwenye saruji.

*

Walirudi kwa miguu, katikati ya mji, mkono wa Kasmiri begani kwa mkewe na sanduku kichwani kwa Felisita. Safari hii hakuna aliyemuuliza goti. Mwenye duka la vipuri, ambaye miaka yote alikuwa akimpa Kasmiri kiti, alipunga kiganja mbele ya uso wake kutoka barazani ili awaonyeshe wateja. Felisita aliona. Kasmiri akasalimu mwadila kuelekea dukani, kwa adabu, na baraza zima likaitikia.

Nyumbani alikaa juu ya tairi lake. Uani hapakuwa na gari, yalibaki madoa ya mafuta tu na kuku waliokuwa wakipekua unga wa chuma. Felisita alikaa kwenye kigoda mbele yake, akasubiri kupigwa, au kuulizwa, na alikuwa tayari kusema. Alitamani kusema. Neno lilikuwa mdomoni.

"Ni wale vijana," Kasmiri alisema. "Sanduku lilipanda kwenye pikapu peke yake, nikaliacha. Wamezifungua nyuzi wakazibadilisha. Kosa ni langu."

Felisita akamfukuza kuku aliyesogelea sanduku.

"Maana ukikosea wewe ningejua. Miaka ishirini na sita, Mama Elina, hujawahi kunipa spana isiyo yake. Hata siku ulipofiwa na mama yako ulinipa, ukaenda kulia pembeni." Akasugua macho kwa mgongo wa mkono, akaacha alama ya kutu. "Siku ile Dutwa niliongea sana. Nilikuwa nataka kukwambia leo, tukishapata ile barua."

Akapapasa sanduku, akalifungua, akalisukuma kwa mguu hadi lilipogusa kigoda.

"Nifungie upya," alisema.

Uzi wa magunia ulikuwa bado mfukoni mwa Felisita tangu jana, pamoja na wembe. Akautoa. Akakata nyuzi za uongo, akafunga za kweli. Alifunga moja moja na kumpa, naye akahesabu kwa gumba, polepole, midomo ikimchezacheza.

"Mawili. Tisa ya kumi na sita?"

"Tisa ya kumi na sita."

"Sawa," alisema Kasmiri, akairudisha sandukuni kwa uangalifu, akanyoosha mkono apewe nyingine.